Ukuta wa Dirisha

Inspekta Vibeke Ladefoged alipoingia, fundi Holger Stubkjær alikuwa ameshatandika mashuka yake sakafuni na kubandika tepu ya karatasi kuzunguka milango. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, mwishoni mwa Januari, na huko nje Esbjerg ilikuwa bado haijapambazuka sawasawa.

"Umewahi," fundi alisema. "Kahawa imo kwenye chupa. Kikombe ni kimoja."

"Unaanza lini?"

"Saa nne. Nimepewa siku mbili tu. Jumatatu mpangaji mpya anaingia."

Nyumba ya kupanga hurudishwa nyeupe, na hii isingepewa upendeleo. Kesho jioni chumba cha kulia cha Dorthe Munkgaard, chenye kuta za rangi ya damu ya mzee iliyoiva mpaka karibu na weusi, kingekuwa cheupe kama vyumba vyote vya ghorofa ile. Vibeke alikuwa ameomba mara mbili nyumba iendelee kufungwa kwa ajili ya uchunguzi, na mara zote mbili mwendesha mashtaka alikataa. Mbwa wa polisi alishapitishwa humo, akapiga chafya, akatoka. Hakuna tone la damu lililopatikana.

Dorthe, fundi wa meno ya bandia mwenye miaka arobaini na mmoja, alikuwa amepotea kwa wiki kumi na moja. Ushahidi wa maana ulikuwa mmoja, na ulimtetea mume. Jumatatu tarehe kumi na mbili Novemba, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni, mama yake Dorthe alipokea picha ya chumba hiki kutoka kwenye simu ya bintiye, na chini yake maneno: Chumba kimekwisha, mama. Njoo ukione. Saa kumi na mbili na nusu gari la wafanyakazi lilimchukua mume, Keld Østerby, mlangoni. Wenzake walimsaidia kupakia masanduku yake mawili ya vifaa, wakamtania kwamba amebeba jiko la mkewe. Akalala nao melini, wakaenda kutengeneza mitambo ya upepo baharini kwa wiki mbili. Aliporudi, mke hakuwepo, wala begi lake, wala pasipoti. Mtu mmoja alidai kumwona Malmö. Mwingine akadai Hamburg.

Zilikuwa dakika kumi na nane tu. Nani anaua mke, anamficha na kujipangusa kwa dakika kumi na nane? Vibeke ndiye aliyeandika kwenye faili, kwa mkono wake: Alikuwa hai saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. 

"Nimekuja kuaga tu," alimwambia fundi. "Sina la kufanya hapa."

"Basi aga vizuri, maana hii kazi ni ya mtu aliyeipenda." Holger alichukua msasa, akasugua sehemu ndogo kando ya mlango. Nyekundu ikafifia, chini yake ikatokea kijivu. "Unaona? Damu ya mzee haikai juu ya nyeupe. Utapaka, utapaka, na bado nyeupe inachungulia kama sidiria chini ya blauzi. Anayejua huanza na kijivu. Kisha mikono miwili ya nyekundu, yaani unapaka mara mbili, kwisha habari."

Akasugua ukuta wa pili. Kijivu. Wa tatu, kijivu. Akaenda kwenye ukuta wa dirisha, akasugua, akasugua tena, akavua miwani na kuivaa upya.

"Ah, huyu sasa ni mjinga mwingine."

"Mwingine?"

"Hakuna kijivu. Nyekundu tupu juu ya nyeupe. Mikono mitano, ikiwa si sita. Na tazama mistari ya rola. Kuta tatu zile, mistari inakatika hapa katikati. Ni mtu mfupi, anapanda ngazi, anashuka, anaisogeza. Huu mistari inakwenda moja kwa moja mpaka darini. Huyu hakuhitaji ngazi."

Dorthe alikuwa na urefu wa mita moja na nusu na kidogo. Vibeke aliweka kikombe chini.

"Utaapa mahakamani?"

"Nitaapa kwamba kazi ni mbovu. Nani kaifanya, hilo sikuwepo."

Funguo zililia mlangoni. Keld Østerby aliinamisha kichwa kupita kizingiti, kama watu warefu wafanyavyo hata pasipo na haja. Alikuwa amekuja kukabidhi funguo. Alimpa fundi ule wa stoo kwanza.

"Huko chini chukua chochote unachotaka, kingine tupa. Inspekta! Hujachoka tu na nyumba yetu?"

"Nikumbushe kitu kimoja, Keld. Chumba hiki alikipaka nani?"

"Dorthe. Nimeshasema mara saba."

"Kuta zote?"

"Zote nne. Mimi sikushika brashi. Ningeishika angenikata mkono, kwa wazimu aliokuwa nao. Mwezi mzima amebandika makaratasi ukutani. Asubuhi anayatazama, jioni anawasha mishumaa anayatazama tena. Nikamwambia nyekundu ni nyekundu tu, mwanamke we. Akaninunia siku mbili."

"Jumamosi na Jumapili ile ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Nilitoka zamu ya usiku. Yeye anapaka, mimi nakoroma. Ndoa yenye furaha."

Aliongea bila pupa, mikono mfukoni. Vibeke alikuwa amemhoji hivyo mara saba, na mara zote saba alitoka akiwa na karatasi isiyo na dosari. Akaandika jibu, akaongeza tarehe na saa, akampa asaini. Keld akasaini akiegemeza daftari kwenye ukuta wa dirisha.

Holger akarudi kutoka stoo akihema, na kopo mkononi.

"Bwana Keld, hili halijafunguliwa hata. Rangi nzuri. Nichukue?"

"Si nimesema chukua?"

"Kuna jina juu yake, ndiyo maana nauliza."

Vibeke alilipokea. Ilikuwa lebo ya duka, iliyochapwa na mashine ya kuchanganyia: D. Munkgaard. Rangi ya kitani. Chumba cha kulia, ukuta wa dirisha. 9 Novemba.

Akaisoma kwa sauti. Kisha akauliza polepole, "Hiki ndicho chumba cha kulia?"

"Ndicho."

"Kina madirisha mangapi?"

"Una macho."

"Moja. Na ukuta wake ni mwekundu."

Keld hakulitazama kopo. Aliutazama ukuta, kuanzia chini mpaka juu. Hapo Vibeke akaona Keld alipokosea. Mtu huyu alikuwa amezaliwa na kukulia katika nyumba za kupanga. Kwake ukuta mweupe ulikuwa ukuta ambao haujapakwa. Alikuta tatu nyekundu na mmoja mweupe, akadhani kazi imekatika njiani, akaimaliza ili picha ipendeze.

"Alibadili mawazo," Keld alisema hatimaye. "Ndivyo alivyo. Jumapili akataka na huo uwe mwekundu, mkono ukamuuma, akaniomba nimsaidie. Nimekumbuka sasa."

"Umesaini hivi punde kwamba hukushika brashi."

"Nilishika rola, Inspekta. Brashi sikuishika." Akatabasamu kidogo tu. "Ukipata hati ya kunikamata, namba yangu unayo."

Akaweka funguo dirishani, akaondoka. Hatua zake ngazini hazikuwa na haraka.

"Nikatie kipande cha ukuta huu," Vibeke alimwambia fundi. "Na lipu yake. Na cha ule mwingine."

Holger hakuuliza. Alilifungua sanduku lake la chakula, akala mkate wake mweusi na maini palepale akiwa amesimama, kisha akachukua patasi. Vipande viwili vya nyumba ya Dorthe vikalala kwenye sanduku lenye harufu ya matango ya siki.

"Huu wa dirisha nitauacha mwisho," alisema. "Kesho saa kumi. Zaidi ya hapo watanidai mimi."

Duka la rangi lilikuwa mtaa wa nyuma ya reli. Merete Toft, mwenye duka, alikuwa mwanamke mnene mwenye madoa ya kijani kwenye nyusi, na alipoona kopo alikaa chini.

"Nilimhudumia wiki nne," alisema. "Wiki nne! Wateja wengine hununua nyumba kwa muda mfupi zaidi."

"Alichaguaje?"

"Vizuri. Rangi ile huwezi kuichagulia dukani, taa zetu zinaifanya ionekane kama jemu. Nikampa vijikopo vya kujaribia, akapaka makadibodi makubwa, akawa anayahamisha ukuta hadi ukuta. Ya kwanza ilikuwa na bluu ndani yake, jioni ikageuka zambarau. Ya pili ilikuwa na machungwa, akasema anajiona anakula kwenye kibanda cha soseji. Ya tatu ina kahawia na tone la weusi. Hiyo ikakaa."

"Na za kuendana nayo?"

"Hapo ndipo watu huharibu. Wanaweka nyekundu nzito halafu milango nyeupe pe, chumba kinapiga kelele. Yeye milango na ubao wa chini aliweka kijani cha majani makavu. Darini, nyeupe isiyong'aa sana. Na ukuta wa dirisha, kitani, karibu nyeupe. Ule hauoni jua, dada yangu. Jua linaingilia katikati yake, linaangukia kuta nyingine. Ukiupaka damu ya mzee, mchana kutwa unakuwa mweusi, umejijengea shimo ndani ya nyumba. Tulibishana. Akaenda kujaribu. Akarudi Ijumaa ile anacheka, akasema, Merete, umeshinda. Nikamchanganyia hilo kopo."

"Angeweza kubadili mawazo Jumapili?"

"Mtu aliyebishana nami wiki nne? Angenipigia kwanza aniambie nimekosea. Asingeacha raha hiyo impite."

"Haya yote mbona hukuyasema?"

Merete alimtazama kwa hasira ya wazi. "Nani aliniuliza? Alikuja kijana wenu akauliza kama Dorthe alionekana mwenye huzuni. Nikasema hapana. Akaandika hapana, akaenda zake."

Vibeke alichukua kopo. Alirudi garini, akampigia mwendesha mashtaka, Frode Winther, akamweleza kwa mpangilio: kijivu kwenye kuta tatu, nyeupe kwenye wa nne, mistari ya rola, kopo, maneno ya mwenye duka, saini ya asubuhi na jinsi Keld alivyoigeuka baada ya dakika tano. Ikiwa Keld ndiye aliyeumaliza ukuta, basi picha ni yake, ujumbe ni wake, na zile dakika kumi na nane ni siku mbili.

Upande wa pili kalamu iligongwa mezani.

"Vibeke, una kopo la rangi."

"Nina mtu mrefu aliyepaka ukuta ambao mkewe hakuutaka."

"Una mume aliyemsaidia mkewe Jumapili akasahau kusema. Wakili wake atasimama aiambie mahakama kwamba wanawake hubadili rangi, na nusu ya majaji wataangalia juu wakikumbuka sebule zao. Mwenye duka anajua la Ijumaa tu. Huna mwili. Huna damu."

"Kwa hiyo?"

"Nipe mtu mmoja aliyemsikia Dorthe mwenyewe, baada ya kutoka dukani, akisema ukuta ule hautakuwa mwekundu. Mtu mmoja safi. Nipe huyo na leo hii nafungua faili upya."

Vibeke alifunua orodha ya simu, ingawa aliijua kwa moyo. Jumamosi tarehe kumi Novemba, saa tatu asubuhi, Dorthe aliongea na mama yake dakika arobaini. Ilikuwa simu yake ya mwisho. Akawasha gari kuelekea Varde, na kwa mwendo wa robo saa alijiruhusu kutumaini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi.

Gudrun Munkgaard alikuwa na miaka sabini na minne, mpishi wa shule aliyestaafu, mwanamke aliyesema kidogo na kutandika meza kabla mgeni hajavua koti. Kila mara walikuwa wameongelea jikoni. Leo jikoni kulikuwa na ndoo na ngazi, naye akasita, kisha akafungua mlango wa sebule.

Vibeke alisimama mlangoni.

Kuta tatu zilikuwa za damu ya mzee. Milango ilikuwa ya kijani cha majani makavu. Ukuta wa dirisha ulikuwa wa rangi ya kitani, nao uliupokea mwanga mdogo wa Januari ukaueneza chumba kizima, kama Merete alivyosema. Kilikuwa chumba kizuri sana. Kwenye rafu, ndani ya fremu, ilikuwepo ile picha, na ndani yake ukuta wa dirisha ulikuwa shimo jeusi.

"Nimekitayarisha," Gudrun alisema. "Ili akirudi apakute."

"Nani alikuelekeza rangi, mama Gudrun?"

"Yeye mwenyewe. Jumamosi ile, kwenye simu. Alinieleza chumba chake: kijivu kwanza, mama, sikufanya uvivu. Halafu kuta tatu tu. Wa dirisha nimeuacha, ule ni wa kitani, nitaupaka wiki ijayo." Alimimina kahawa bila kumwaga hata tone. "Niliandika nyuma ya kalenda. Unataka kuiona?"

Kalenda ilikuwepo, na mwandiko, na tarehe. Mtu mmoja, Frode alisema. Mtu mmoja safi. Vibeke alifungua mkoba, akatoa karatasi nyingine, ile ya tarehe ishirini na tisa Novemba, akaiweka mezani kati ya vikombe. Maelezo ya Gudrun Munkgaard, yaliyosomwa mbele yake na kusainiwa: Chumba kilicho kwenye picha ni kama binti yangu alivyonieleza.

Wote wawili waliitazama.

"Ulisaini hivi."

"Nilisaini."

"Ulijua si kweli?"

"Nilijua Jumatatu ileile picha ilipoingia. Nilikuwa nimesimama pale jikoni. Nikasema, mbona kapaka wa dirisha? Nikashika simu nimpigie. Kisha nikaiweka. Alishaniambia mara nyingi, mama, unaingilia. Basi nikamwandikia tu: Pamependeza sana, mwanangu." Gudrun aligeuza kikombe kwenye kisahani. "Kumbe nilikuwa namwandikia yule mumewe."

Akanywa kidogo, akaendelea.

"Halafu nyie mkaja. Wewe ulikaa pale kwenye kiti cha jikoni, ukaniambia picha inaonyesha yuko hai. Ulikuwa na furaha kuniambia, nilikuona. Ningesema ukuta ule si wake, angekufa palepale, mezani, mbele ya kahawa. Na watu wanamwona Malmö. Nikasema, basi kabadili mawazo. Watu hubadili mawazo. Nikaenda nikanunua rangi."

"Nitaandika maelezo yako upya leo," Vibeke alisema. "Lakini wakili wa Keld ataweka karatasi hizi mbili pamoja. Atauliza lini ulisema uongo, Novemba au Januari."

"Na watamwachia?"

"Hawajamshika bado. Sasa sidhani kama watamshika."

Gudrun alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita. Akainuka, akaichukua picha kutoka kwenye rafu, akaisoma saa iliyochapwa chini yake, ingawa bila shaka aliijua.

"Jioni ile," alisema, "kama ningewapigia nyie. Siyo yeye. Nyie."

"Alikuwa ameshafariki, mama Gudrun. Ni Jumamosi ile, au Jumapili."

"Sijauliza hilo. Nauliza kama ningekuwa na mtu wa kuzika."

Vibeke aliyafikiria yale masanduku mawili ya vifaa, na wanaume waliocheka wakiyapandisha garini. Aliwahi kudanganya watu kwa sababu ndogo kuliko hii, na leo uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini mbele yake palikuwa na mwanamke ambaye tayari alikuwa ameishi wiki kumi na moja na uongo, akaupaka ukutani kwa mikono miwili, na kijivu chini yake.

"Meli iling'oa nanga Jumanne, saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Mpaka hapo masanduku ya Keld yalikuwa bado bandarini."

Gudrun alihesabu kwa vidole, kuanzia saa kumi na mbili ya jioni. Vidole vya mkono wa kwanza vikaisha, akaendelea na wa pili, navyo vikaisha.

"Usiku mzima," alisema. "Nilikuwa na usiku mzima, nami nikalala."